Ishirini na Moja: Kanuni za mchezo mkongwe wa kasino na siri ya ushindi wa mwenye meza

KING'ORA cha mapumziko ya mchana kinapolia katika viwanda vilivyo kando ya barabara za Lunga Lunga, Likoni na Enterprise jijini Nairobi, mamia ya wafanyakazi humiminika malangoni. Wengi huelekea vibanda vya githeri na chapati kwa maharagwe. Baadhi yao, wakishakula, huketi juu ya kreti za soda zilizopinduliwa, na mmoja wao hutoa mfukoni furushi la karata zilizochakaa pembeni.

Mchezo unaotawala hapo ni ule unaojulikana kama kadi, ambao vijana wengi wa mitaa ya Eastlands huuita pia poka ingawa hauhusiani kabisa na poka ya kasino. Kanuni zake hujulikana na karibu kila mtu aliyekulia Makongeni, Maringo, Jericho au Mukuru: karata hufuatana kwa namba au kwa aina, mbili na tatu humwadhibu anayefuata, nane na malkia huulizia jibu, na anayekaribia kumaliza sharti atangaze kwamba "niko kadi" kabla ya zamu yake ya mwisho. Mchezo huo hauna mwenyewe. Anayegawa karata leo si lazima agawe kesho, na kugawa hakumpi mtu faida yoyote.

Mchezo wa ishirini na moja ni tofauti. Huo ndio mchezo wa karata unaopatikana katika takriban kila kasino duniani, ambako hujulikana kwa jina la blekijeki, na katika miaka ya karibuni umeingia pia katika simu za mkononi. Kanuni zake ni chache na mtu anaweza kuzijifunza kwa muda wa nusu saa. Hata hivyo, wengi wanaoucheza hujifunza thamani ya karata pekee na kuacha kanuni iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni ile inayohusu nani hucheza kwanza.

Asili ya mchezo

Neno karata lilifika katika Kiswahili kutoka kwa Wareno, kama yalivyofika majina ya aina nne za karata yanayotumiwa pwani hadi leo: kopa, uru, pau na shupaza. Kopa ni karata zenye alama ya moyo, uru ni zile za almasi, pau ni zenye alama ya majani matatu, na shupaza ni zile nyeusi zenye ncha juu.

Mchezo wenyewe pia una mizizi yake Ulaya. Mwandishi Mhispania Miguel de Cervantes aliutaja katika hadithi yake Rinconete y Cortadillo, iliyochapishwa 1613, ambamo vijana wawili matapeli wanajivunia ustadi wao wa kudanganya katika mchezo uliofahamika kwa jina lenye maana ya ishirini na moja. Wafaransa waliupokea na kuuita kwa jina la namba hiyo hiyo katika lugha yao. Waingereza waliuita pontuni, na ulipendwa sana na wanajeshi wao wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nchini Marekani, mchezo huo ulipata makao ya kudumu baada ya jimbo la Nevada kuhalalisha kamari mnamo 1931.

Katika pontuni ya nyumbani na kambini, mchezaji mmoja hushika benki, yaani huwa ndiye anayegawa karata na kulipa washindi. Lakini benki hiyo huhama. Mchezaji akipata jumla ya 21 kwa karata mbili za kwanza, naye mwenye benki asiipate, huichukua benki kuanzia mzunguko unaofuata. Kasino iliuchukua mchezo huu na kulibadilisha jambo hilo moja: benki haihami tena. Msomaji aweke jambo hilo akilini, kwa kuwa hesabu zote zitakazofuata zinatokana nalo.

Thamani ya karata

Furushi moja lina karata 52, na jokeri huondolewa. Katika ishirini na moja, aina ya karata haina maana yoyote; kinachohesabiwa ni namba pekee.

Karata za kuanzia mbili hadi kumi huhesabiwa kwa namba zilizoandikwa juu yake. Karata za picha, yaani ghulamu, malkia na mfalme, kila moja ina thamani ya kumi. Ree, ile karata yenye alama moja ambayo vijana wa Nairobi huiita esi, ina thamani ya moja au kumi na moja, kwa kutegemea ipi inamfaa aliye nayo.

Kwa mfano, mtu mwenye ree na sita ana jumla ya 17. Akiongeza karata akapata nane, hesabu ya 25 ingemwangusha, basi ree hurudi kuwa moja na jumla yake huwa 15. Anaweza kuongeza tena. Akipata tano, atakuwa na 20.

Ni vyema kutambua kwamba karata zenye thamani ya kumi ni 16 kati ya 52, yaani karibu theluthi moja ya furushi zima. Ndiyo maana wachezaji wazoefu, wanapokisia karata iliyofunikwa, huanza kwa kudhani kwamba ni kumi.

Jinsi mzunguko unavyokwenda

Lengo la mchezaji ni kumshinda mgawaji, wala si kuwashinda wachezaji wenzake walioketi mezani. Atamshinda akiwa na jumla iliyo karibu zaidi na 21 bila kuizidi, au mgawaji mwenyewe akizidisha.

Kwanza, kila mchezaji huweka dau lake mbele yake. Katika kasino, dau huwa ni vibao vya plastiki vilivyonunuliwa kwa pesa taslimu. Kisha mgawaji humpa kila mchezaji karata mbili zilizo wazi, naye hujipa mbili: moja wazi na nyingine imefunikwa.

Mchezaji aliyepata ree pamoja na karata yenye thamani ya kumi katika karata zake mbili za kwanza amepata 21 ya papo hapo. Hiyo hushinda 21 nyingine yoyote iliyopatikana kwa karata tatu au zaidi, na kwa desturi hulipwa tatu kwa mbili: aliyeweka Sh100 hulipwa Sh150 juu ya dau lake. Bahati hiyo hutokea takriban mara moja katika kila mizunguko 21. Mgawaji naye akiwa nayo, mzunguko ni sare na mchezaji hurudishiwa dau lake.

Wasiopata 21 ya papo hapo hucheza kwa zamu. Kila mmoja huamua kuongeza karata au kutosheka na alizo nazo. Katika meza nyingi mchezaji hagusi karata wala hasemi neno: hugonga meza kwa kidole akitaka karata nyingine, na hupunga kiganja juu ya meza akiwa ametosheka. Anaweza kuongeza mara nyingi apendavyo, lakini jumla yake ikizidi 21 amezidisha. Hapo hapo karata zake huondolewa na dau lake huchukuliwa.

Wachezaji wote wakishamaliza, mgawaji hufunua karata yake ya pili. Yeye hana hiari. Akiwa na jumla ya 16 au chini yake, sharti aongeze. Akifika 17 au zaidi, sharti atulie. Katika baadhi ya meza huongeza pia anapokuwa na 17 iliyofikiwa kwa kuhesabu ree kama kumi na moja, na kanuni hiyo huwa imeandikwa kwenye kitambaa cha meza. Mgawaji akizidisha, wote waliosalia mezani hulipwa sawa na madau yao. Asipozidisha, wenye jumla kubwa kuliko yake hulipwa, wenye jumla ndogo hupoteza, na waliolingana naye hurudishiwa madau yao.

Hiari nyingine za mchezaji

Mbali na kuongeza na kutosheka, mchezaji ana hiari nyingine tatu.

Ya kwanza ni kuzidisha dau mara mbili. Mchezaji huweka dau jingine lililo sawa na la kwanza, kwa sharti kwamba atapewa karata moja tu, si zaidi. Hiari hii humfaa mwenye jumla ya 10 au 11, kwa kuwa karata yenye thamani ya kumi itamfikisha 20 au 21.

Ya pili ni kutenganisha jozi. Aliyepata karata mbili zinazofanana, kwa mfano nane mbili, anaweza kuzigawanya zikawa michezo miwili iliyo mbali mbali, kila mmoja ukiwa na dau lake.

Ya tatu ni bima. Karata ya wazi ya mgawaji ikiwa ree, wachezaji huulizwa kama wangependa kuweka nusu ya dau lao kama kinga, iwapo karata iliyofunikwa itakuwa na thamani ya kumi. Bima ikishinda hulipwa mbili kwa moja.

Neno bima huvutia, lakini hesabu yake haivutii. Tukichukua furushi moja ambalo ree moja tu imeonekana, zimesalia karata 51, na kati yake 16 ndizo zenye thamani ya kumi. Ili anayekata bima asipate hasara, angehitaji karata hizo ziwe 17. Kwa kila Sh100 za bima, basi, mchezaji hupoteza wastani wa karibu Sh6. Wataalamu wa mchezo huu wanakubaliana kwamba mchezaji wa kawaida hapaswi kununua bima hata siku moja.

Faida ya mwenye meza hutoka wapi

Mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba mchezaji ndiye mwenye nafuu. Yeye huona karata moja ya mgawaji. Mgawaji hana ruhusa ya kufikiri. Yeye anaweza kuzidisha dau na kutenganisha jozi, mgawaji hawezi. Yeye hulipwa tatu kwa mbili anapopata 21 ya papo hapo. Mgawaji akiipata huchukua dau la kawaida tu. Pakiwa na sare, hakuna anayepoteza.

Yote hayo ni kweli. Lakini mchezaji hucheza kwanza, na akizidisha, dau lake huchukuliwa papo hapo. Endapo mgawaji naye atazidisha dakika moja baadaye, mchezaji harudishiwi chochote. Wote wawili wamevuka 21, lakini ni mmoja tu aliyelipia.

Tuchukue mchezaji anayeamua kumwiga mgawaji kwa kila jambo: anaongeza akiwa na 16 au chini, anatulia akiwa na 17 au zaidi, hatenganishi jozi wala hazidishi dau. Mgawaji huzidisha takriban mara 28 katika kila mizunguko 100, na mchezaji huyo naye vivyo hivyo. Kwa hiyo, katika kila mizunguko 100, kuna kama minane ambamo wote wawili wanazidisha. Ingekuwa haki, hiyo ingekuwa sare. Kasino huichukua yote minane. Malipo ya tatu kwa mbili humrudishia mchezaji zaidi ya mizunguko miwili. Kinachobaki ni hasara ya karibu asilimia tano na nusu ya kila pesa anayoweka mezani.

Hakuna udanganyifu hapo. Karata zimechangwa vizuri, mgawaji ni mwaminifu na kanuni zimeandikwa wazi. Faida imo ndani ya kanuni zenyewe, katika mpangilio wa zamu.

Njia bora ya kucheza

Kwa miaka mingi wachezaji walitegemea hisia. Mnamo 1956, Wamarekani wanne waliokuwa wakihudumu jeshini, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani makala yaliyoonyesha uamuzi ulio bora kwa kila hali. Walifanya kazi hiyo kwa kutumia mashine za kujumlishia za ofisini. Maagizo yao, yaliyoboreshwa baadaye kwa kompyuta, ndiyo msingi wa yale yanayofundishwa hadi sasa. Kwa ufupi ni haya:

Mwenye jumla ya 17 au zaidi bila ree inayohesabiwa kumi na moja, atulie daima.

Mwenye jumla ya kati ya 13 na 16 atazame karata ya wazi ya mgawaji. Ikiwa ni kati ya mbili na sita, atulie. Ikiwa ni saba au zaidi, ama ree, aongeze. Mwenye 12 atulie mgawaji akionyesha nne, tano au sita pekee.

Mwenye 11 azidishe dau karibu kila mara. Mwenye 10 azidishe dau ikiwa mgawaji anaonyesha tisa au chini yake.

Mwenye ree inayohesabiwa kumi na moja, na jumla isiyozidi 17, asitulie kamwe. Karata moja zaidi haiwezi kumwangusha.

Ree mbili na nane mbili zitenganishwe daima. Karata mbili za kumi na tano mbili zisitenganishwe kamwe.

Sababu ya agizo la pili ni rahisi kuielewa. Mgawaji anayeonyesha sita huenda amefunika kumi. Atakuwa na 16 na atalazimika kuongeza. Huzidisha zaidi ya mara 40 katika kila 100. Mchezaji mwenye 10 na sita, akitulia wakati huo, anamwachia mgawaji hatari yote. Mgawaji akifunua kumi, kisha akavuta tisa, ana 25 na mchezaji amelipwa kwa 16 tu.

Kinyume chake, mwenye 16 akiongeza, karata aina nane kati ya 13 zitamwangusha: sita, saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, malkia na mfalme. Hiyo ni nafasi ya 62 kwa 100. Akiwa na 12, ni aina nne tu zinazoweza kumwangusha, yaani nafasi ya 31 kwa 100.

Anayefuata maagizo hayo bila kukosea hupunguza faida ya kasino hadi karibu nusu ya asilimia moja, ikiwa kanuni za meza ni nzuri. Hata hivyo, haimalizi. Aidha, baadhi ya meza hulipa 21 ya papo hapo sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, yaani Sh120 kwa dau la Sh100 badala ya Sh150. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini huongeza faida ya kasino kwa zaidi ya asilimia moja. Kabla ya kuketi, ni kanuni hiyo inayofaa kusomwa kwanza.

Kuhesabu karata

Mnamo 1962, mwanahisabati Edward Thorp alichapisha kitabu Beat the Dealer, akithibitisha kwamba mtu anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuipiku kasino. Karata nyingi ndogo zikishatoka, zilizosalia huwa na ree na kumi nyingi, na hali hiyo humfaa mchezaji, ambaye huongeza dau lake wakati huo.

Kasino hazikulala. Nyingi zilianza kutumia mafurushi sita au nane kwa pamoja, kuchanga karata mapema, na hatimaye kutumia mashine zinazochanga bila kukoma. Katika michezo ya simu inayoendeshwa na programu pekee, kwa kawaida karata huchangwa upya kila mzunguko. Hakuna cha kukumbuka. Anayewauzia vijana "mbinu" za kuhesabu karata kwa ajili ya michezo ya aina hiyo anawauzia hewa.

Hesabu ya mfukoni

Asilimia hizi hueleweka vizuri zaidi zikilinganishwa na mshahara. Kiwango cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kilichoanza kutumika Novemba 1, 2024, kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Kikigawanywa kwa siku 26 za kazi, ni kama Sh620 kwa siku.

Mtu anayecheza mizunguko 60 kwa saa kwa dau la Sh100 atakuwa ameweka mezani jumla ya Sh6,000, kwa kuwa pesa zile zile huzunguka mara nyingi. Akicheza kwa kumwiga mgawaji, wastani wa hasara yake ni Sh330, yaani zaidi ya nusu ya ujira wa siku nzima kwa kiwango hicho. Akifuata maagizo bora bila kosa, ni Sh30.

Simu hubadilisha hesabu hiyo. Hapana kuchanga karata wala kusubiri wenzake. Mchezaji akifikisha mizunguko 200 kwa saa kwa dau lile lile, ameweka Sh20,000, na wastani wa hasara kwa anayemwiga mgawaji huwa Sh1,100.

Wastani, bila shaka, haumwambii mtu kitakachompata jioni fulani. Wapo watakaoondoka na faida, na hao ndio watakaosimulia kesho yake langoni mwa kiwanda. Lakini kadiri mtu anavyozidi kucheza, ndivyo matokeo yake yanavyozidi kuukaribia wastani. Kasino haina haraka, kwa kuwa yenyewe hucheza kila mzunguko wa kila meza. Anayeongeza dau ili kurudisha alichopoteza hubadilishi asilimia hata kidogo. Anaongeza tu kiasi ambacho asilimia hiyo inakatwa.

Pata potea si mchezo

Si vyema kuchanganya ishirini na moja na pata potea, ule mchezo wa karata tatu ambao kwa miaka mingi umewanyang'anya pesa watu wa Nairobi vituoni na vichochoroni. Katika pata potea, mwenye karata huonyesha tatu, moja ikiwa ya picha, huzirusha juu ya kibao kwa zamu, kisha huwataka watazamaji waonyeshe ilipo ile ya picha.

Hila iko katika mkono. Tapeli hushika karata mbili pamoja na kuonekana anarusha ya chini, kumbe amerusha ya juu. Wanaoonekana wakishinda ni wenzake. Hapa hakuna asilimia ya kuhesabu, kwa kuwa hakuna kanuni. Mgeni akishinda, ni kwa sababu ameachiwa ashinde ili aweke zaidi.

Tofauti ni kwamba kasino haihitaji hila. Kanuni zake zinatosha.

Sheria

Kwa muda mrefu kamari nchini Kenya ilisimamiwa na sheria iliyotungwa 1966, Sura ya 131, iliyoanzisha bodi ya kudhibiti na kutoa leseni za kamari iliyojulikana kama BCLB. Agosti 2025, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Michezo ya Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuweka mamlaka mpya ya usimamizi. Chini ya sheria hiyo, anayeendesha kasino, iwe ya jengo au ya mtandaoni, sharti awe na leseni, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kujifunza bila kupoteza shilingi

Ishirini na moja unaweza kujifunzwa pasipo kasino wala simu. Kinachohitajika ni furushi moja la karata, vifuniko vya chupa za soda badala ya pesa, daftari na kalamu.

Wachezaji wanne wagawane vifuniko 50 kila mmoja, na mwenye benki apewe 200. Kwa juma la kwanza, mtu mmoja ashike benki siku zote, kama ifanyavyo kasino, na kila jioni idadi ya vifuniko vya kila mtu iandikwe daftarini. Kila mmoja acheze kwa kumwiga mgawaji. Juma la pili wajaribu maagizo yaliyotajwa hapo juu, benki ikiwa bado kwa mtu yule yule.

Juma la tatu, benki ihame kwa zamu, kila baada ya mizunguko kumi, kama desturi ya pontuni ya zamani. Karata ni zile zile, thamani zake ni zile zile, na wachezaji ni wale wale. Lakini sasa faida ya kucheza mwisho inamzunguka kila mmoja, na mchezo unakuwa wa haki kama kadi ya mapumziko ya mchana.

Atakayelinganisha kurasa hizo tatu za daftari atakuwa ameielewa kanuni kuu ya mchezo huu kuliko wengi wanaoketi katika meza za kasino usiku. Atajua pia swali la kumuuliza yeyote anayemkaribisha kucheza kwa pesa: benki itahama lini?